Kunuka na Kunusa: Kiswahili katika Usafishaji wa Salfa Viwandani

Katika mijadala ya istilahi za sayansi, wanaisimu wa Kiswahili wamezoea kuanza na nomino. Huulizwa: je, ni kiberiti au salfa? Neno kiberiti lina asili ya Kiarabu, ambako lilitaja madini ya manjano kabla ya kutaja njiti za kuwashia moto. Katika Kiswahili maana ya pili imeimeza ile ya kwanza. Mkulima wa Mtwara anayekinga mikorosho yake dhidi ya ubwiriunga husema salfa, na mwanafunzi wa kemia vivyo hivyo. Swali hilo, basi, limekwisha kujibiwa na watumiaji wenyewe. Ugumu uliosalia umo katika vitenzi, na mfano unaofaa ni teknolojia ya kutumia bakteria kuondoa salfa katika gesi za viwandani.

Gesi inayoondolewa ni salfaidi ya haidrojeni. Ni sumu, hula vyuma, na ikiungua hutoa dioksidi ya salfa, mojawapo ya visababishi vya mvua ya asidi. Mwaka 1887 Sergei Winogradsky, akiwa Strasbourg, alionyesha kwamba bakteria aina ya Beggiatoa hupata nishati kutokana na gesi hiyo. Zaidi ya karne moja ilipita kabla ya kampuni ya Paques ya Uholanzi kujenga mtambo wake wa kwanza wa biogesi wa aina hii huko Eerbeek, mwaka 1993. Mwaka 2002 njia hiyo ilianza kutumika kwa gesi asilia huko Bantry, jimbo la Alberta, Kanada.

Sentensi "bakteria husafisha gesi" haina kosa la sarufi, lakini inapotosha. Bakteria hawaioshi gesi moja kwa moja. Gesi hupitishwa katika mnara na kuoshwa kwa maji yenye magadi. Salfaidi huyeyuka humo, na gesi hutoka juu ikiwa safi. Maji yaliyobeba salfaidi huingia katika tangi jingine, ambamo bakteria hupewa hewa kidogo, kwa kipimo. Hapo huigeuza salfaidi kuwa chembe za salfa, na besi iliyotumika mnarani hurejea, hivyo maji hayohayo huweza kuosha tena. Hewa ikizidi, bakteria huivusha salfaidi mpaka ikawa salfeti, na mtambo hulazimika kuongezewa magadi. Kwa hiyo anayeosha gesi ni mnara. Bakteria huyasafisha maji. Msemo wa magazetini kwamba bakteria "hula" salfa unapotosha zaidi, kwani kilicholiwa hakionekani tena, ilhali salfa hii hukusanywa na huweza kupelekwa shambani kama mbolea.

Neno magadi, kwa upande wake, halikuhitaji kamati yoyote. Bakteria wa jenasi ya Thioalkalivibrio, wanaostawi katika mitambo hii, ni wakazi wa maziwa ya magadi: spishi moja, T. denitrificans, ilipatikana katika Ziwa Bogoria nchini Kenya, na nyingine, T. sulfidophilus, katika mtambo wa Eerbeek wenyewe.

Vitenzi viwili vinahitaji uangalifu kuliko vyote, kwa kuwa vinagusa uhai wa mfanyakazi. Salfaidi ya haidrojeni hujulikana kwa harufu ya mayai yaliyooza, nayo hutambulika hata ikiwa kidogo mno. Lakini inapofikia kiasi cha sehemu 100 katika milioni, neva za kunusia hufa ganzi kwa dakika chache. Ikipanda hadi mamia kadhaa, mtu huzimia na huweza kufa. Kiswahili kinaitenganisha hali hiyo kwa usahihi wa kupendeza: gesi hunuka, mtu hunusa. Katika hatari kubwa gesi ingali inanuka, ila mtu hanusi. Tangazo lisemalo "gesi ikinuka, toka" humwachia mfanyakazi hukumu ambayo pua yake haiwezi tena kuitoa, na anayedhani harufu imekwisha hubaki pale pale. Mwandishi wa tangazo hana haja ya istilahi mpya. Inatosha aandike: "Kifaa cha kupimia kikilia, toka, hata kama hunusi kitu."