Ripoti ya Patholojia Isipopatikana

Hotuba kwa wakazi kuhusu kumbukumbu za hospitali



Mgonjwa akitolewa kipande cha nyama mwilini ili kipimwe, wengi hudhani kazi imekwisha siku mwanapatholojia anapotia sahihi ripoti. Lakini ripoti hiyo itatakiwa tena. Itatakiwa mgonjwa akipewa rufaa kwenda kupata matibabu ya mionzi katika kaunti nyingine, na itatakiwa miaka mitano baadaye uvimbe ukirudi. Daktari wa saratani haanzi dawa kwa kusimuliwa. Anataka kusoma uvimbe ni wa aina gani. Ripoti isipoonekana, mgonjwa hutolewa kipande kingine, hulipa tena, na majuma hupita huku ugonjwa ukiendelea.

Tatizo hili ni la zamani, na nchi tajiri zililijua kabla ya Kenya. Katika maabara za Marekani, kabla ya kompyuta, kila sampuli ilipewa nambari na ripoti ikawekwa kwenye faili kwa kufuata nambari hiyo. Aliyekuwa na nambari aliipata ripoti. Asiyekuwa nayo, au daktari aliyetaka kuona wagonjwa wote wa saratani ya umio wa miaka kumi, alipekua kadi moja moja.

Kompyuta zilipoingia hospitalini miaka ya 1960, ilitarajiwa kwamba zingemaliza shida hiyo mara moja. Hazikuimaliza, kwa sababu kizuizi kilikuwa maneno. Uvimbe uleule wa figo, daktari mmoja aliuita uvimbe wa Grawitz, mwingine hipanefroma, wa tatu saratani ya seli za figo. Mashine haijui kwamba hayo matatu ni kitu kimoja. Kisha kuna ripoti inayosema “hakuna dalili za saratani”. Mashine ikitafuta neno saratani, inamleta na huyo aliye mzima.

Ndipo mwaka 1965 chama cha wanapatholojia wa Marekani, College of American Pathologists, kilipotoa orodha ya misimbo iliyojulikana kama SNOP. Kila ugonjwa ulielezwa kwa pande nne: sehemu ya mwili, badiliko lililoonekana kwenye tishu, chanzo chake, na kazi ya mwili iliyovurugika. Kila upande ulikuwa na nambari zake. Daktari angeweza kuandika apendavyo, mradi mwishowe nambari iwe moja. Katika taasisi za afya za serikali kule Bethesda, Arnold Pratt na wenzake walikwenda mbali zaidi: walitunga programu ya kusoma sentensi ya daktari na kuigeuza kuwa misimbo hiyo. Kwa mashine za wakati ule, huo ulikuwa ujasiri mkubwa.

Boston nako, katika hospitali ya Massachusetts General, maabara ya kompyuta ya Octo Barnett ilianza mwaka 1966 kutengeneza lugha ya programu iitwayo MUMPS, ikitumia kompyuta aina ya PDP-7. Mifumo mingi ya wakati huo ilidai kila taarifa itoshe kwenye kisanduku cha ukubwa uliopangwa. Ripoti za hospitali hazina umbo hilo. Moja ni mistari miwili, nyingine ni kurasa mbili. MUMPS ilihifadhi kilichopo tu, na watu kadhaa waliweza kuitumia kwa wakati mmoja. Kazi zake za mwanzo zilikuwa pamoja na majibu ya maabara.

Kenya ilifikiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni misimbo. Sehemu ya uvimbe katika SNOP ndiyo iliyozaa misimbo ya saratani ambayo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 1976. Kwa misimbo hiyo, saratani ya seli bapa ni 8070/3, na tarakimu ya mwisho, 3, inamaanisha uvimbe ni hatari. Rejista za saratani za Nairobi na Eldoret huandika kwa utaratibu huo. Kama saratani ya umio ni nyingi Bonde la Ufa, ni kwa kuhesabu hivyo tu ndipo inapojulikana.

Njia ya pili ni Mosoriot, kituo cha afya kilicho karibu na Eldoret. Mwaka 2001, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, ambako rekodi za wagonjwa ziliingizwa kwenye kompyuta tangu 1972, waliweka mfumo mdogo wa kusajili wagonjwa. Utafiti uliofuata ulionyesha kuwa muda wa mgonjwa kituoni ulipungua kwa asilimia 22. Kutokana na kazi ya Eldoret, mwaka 2004 ilianzishwa programu ya OpenMRS, na juu yake ukajengwa mfumo wa KenyaEMR.

Hata hivyo, kompyuta hutafuta kile tu kilichoandikwa. Mama aliyesajiliwa kwa jina la ubatizo hospitali ya kwanza na kwa jina la mume ya pili, kwenye mashine ni watu wawili. Kwa hiyo mkazi anayepimwa atumie jina lililo kwenye kitambulisho kila anapokwenda, aombe nakala ya ripoti, na anakili nambari ya sampuli kwenye kijitabu cha kliniki. Nambari hiyo ndiyo iliyo kwenye slaidi na kwenye kipande kilichohifadhiwa ndani ya nta, ambacho daktari mwingine anaweza kukisoma upya bila kumpasua mgonjwa. Akiambiwa ripoti si yake bali ni ya hospitali, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa haki ya kuona taarifa zake. Aanzie dirisha la kumbukumbu, akiwa na kitambulisho mkononi.