Kwa Nini Jeni ya Selimundu Haipotei: Hesabu ya Mageuko na Malaria

Mwaka 1949, Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alifuatana na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford kwenda Mlima Kenya. Damu aliyoikusanya ilimpa fumbo. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walibeba jeni ya selimundu. Kwenye nyanda za juu kavu hata mmoja alipatikana kwa shida.

Jeni hiyo ilitokana na kosa dogo mno. Katika maandishi ya DNA yanayotengeneza himoglobini, herufi A imeachia nafasi yake herufi T, basi. Lakini zamani mtoto aliyeirithi kwa baba na kwa mama aghalabu alikufa kabla hajazaa. Imekuwaje basi isifutike?

Jibu la haraka lingekuwa kwamba kosa lenyewe hujirudia. Hesabu inalikataa. Uwezekano wa herufi moja kubadilika katika kizazi kimoja ni takriban 1 kwa milioni 100. Ikiwa kila mwenye jeni mbili hufa bila kuzaa, kiwango cha jeni hutulia kwenye kipeuo cha pili cha uwezekano huo, yaani 1 kwa 10,000. Mgonjwa angezaliwa mmoja katika watoto milioni 100. Palipo na wabebaji kama 20 katika kila 100, kiwango cha jeni ni karibu 1 kwa 10, na mgonjwa huzaliwa mmoja katika kila 100! Pengo la mara milioni moja haliwezi kuzibwa kwa bahati.

Allison alishuku kwamba jeni moja humkinga mbebaji dhidi ya malaria. Kampala alipima watoto 290: vimelea vilionekana kwa 12 kati ya 43 wenye jeni moja, na kwa 113 kati ya 247 wasiokuwa nayo. Matokeo yakachapishwa mwaka 1954.

Hapo mlinganyo unaanza kusema. Hasara ya wasio na jeni, yaani sehemu yao isiyofika umri wa kuzaa ikilinganishwa na wenye jeni moja, iitwe s, na ya wenye jeni mbili iitwe t. Kiwango hutulia kwenye s gawanya kwa s + t. Tukiweka t kuwa 1 na kiwango 0.1, s inakuwa 1/9. Maana yake ni nzito: wabebaji 9 walipofika umri wa kuzaa, wasio na jeni walifika 8 tu. Kati ya wasio nayo, malaria ilidai mmoja katika kila tisa, kizazi baada ya kizazi.

Na malaria ikitokomezwa? Hata kama wenye jeni mbili wote wangeendelea kufa bila kuzaa, kiwango cha 0.1 kingehitaji vizazi 10 kushuka hadi 0.05. Ni kama miaka 250. Wapangaji wa afya wasiusubiri uteuzi asilia ufanye kazi yao: kila mtoto achukuliwe tone la damu kisiginoni akizaliwa, na atakayekutwa na ugonjwa aanzishiwe penisilini mapema.