Kilichoachwa Nje ya Picha

Wahitimu wa uhandisi wa mawasiliano na teknolojia ya habari, mmepongezwa tangu asubuhi na nyumbani mtapongezwa tena, kwa hiyo muda niliopewa nitautumia kwa hoja moja. Historia ya televisheni husimuliwa kama historia ya kuongeza: mistari mingi zaidi, kisha rangi, kisha kioo kipana, kisha vituo visivyohesabika. Nadai kinyume chake. Kila hatua kubwa katika safari ya picha kutoka kamera hadi sebuleni imepatikana pale mtu alipogundua kitu ambacho jicho la mtazamaji halikihitaji, akakiacha. Na ikiwa dai hilo ni kweli, mhandisi anayefanya kazi Mpanda au Lodwar, ambako bando ni ghali na mnara uko mbali, hasimami mwisho wa foleni ya uvumbuzi kama anavyoambiwa.

Ushahidi unaanzia mbali. Mwaka 1884 Paul Nipkow, mwanafunzi mjini Berlin, aliomba hataza ya kisahani chenye matundu yaliyopangwa kwa mzunguko wa konokono. Kisahani kikizunguka, kila tundu linapita juu ya picha na kuisoma mstari mmoja. Nipkow alikuwa ameshakubali kwamba picha nzima haiwezi kupita kwenye waya kwa mkupuo, akaamua kupeleka vipande na kuliachia jicho kazi ya kuviunganisha. Kwa njia hiyo John Logie Baird alionyesha sura ya mtu jijini London mwezi Januari 1926, kwa mistari 30 tu. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Septemba, Philo Farnsworth, kijana wa miaka 21, alipeleka mstari mmoja wa mwanga kwa kamera ya kielektroniki mjini San Francisco, na siku za visahani zikaanza kuhesabika. BBC ilipofungua matangazo yake Novemba 1936 ilishindanisha mitambo miwili: wa Baird wenye mistari 240 na wa Marconi-EMI wenye 405. Februari 1937 wa Baird ukaondolewa. Wengi huishia hapo na kusema mistari mingi imeshinda michache. Lakini mtambo ule wa mistari 405 haukupeleka mistari yote kwa pamoja. Ulipeleka ile ya witiri kwanza, halafu ile ya shufwa, nusu picha 50 kwa sekunde, na jicho halikuona pengo. Mshindi naye alishinda kwa kuacha.

Rangi nayo ilikuja hivyo hivyo. Jicho la binadamu ni kali katika kutofautisha mwanga na kivuli, lakini ni zembe katika rangi. Mhandisi Mfaransa Georges Valensi alipendekeza mwaka 1938 kwamba mwanga upelekwe peke yake na rangi peke yake. Ndiyo maana baadaye rangi ikapewa nafasi finyu, na seti za zamani za nyeusi na nyeupe hazikulazimika kutupwa. Zanzibar, iliyokuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara ikisubiri kituo chake cha kwanza hadi 1994, ilikuwa ikitazama matunda ya uzembe huo wa jicho.

Ila uthibitisho mkubwa uko katika hesabu za kidijitali. Picha yenye pikseli 1920 kwa 1080, kila pikseli ikielezwa kwa biti 24, fremu 25 kwa sekunde, inadai biti bilioni 1.24 kila sekunde. Simu iliyo mfukoni mwako inaonyesha picha ya ukubwa huo kwa biti milioni tano hivi. Yaani kati ya kila biti 250 zilizotoka kwenye kamera, imefika moja, na mtazamaji hajalalamika. Mzizi wa jambo hilo ni Nasir Ahmed, mzaliwa wa Bangalore aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas. Mwaka 1972 aliomba fedha za utafiti kwa Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa Marekani akanyimwa, kwa kuwa wazo lake lilionekana jepesi mno. Aliendelea hata hivyo, pamoja na T. Natarajan na K. R. Rao, na Januari 1974 makala yao fupi ikachapishwa. Wazo lenyewe ni hili: badala ya kutaja thamani ya kila pikseli katika kipande kidogo cha picha, taja ni kiasi gani cha mabadiliko ya taratibu na kiasi gani cha mabadiliko ya haraka kilichomo, kama mpiga gambusi anavyoeleza wimbo kwa noti pasipo kueleza mtikisiko wa kila uzi. Katika picha za kawaida karibu uzito wote huangukia namba chache. Zilizobaki ni vijimabadiliko ambavyo jicho haliwezi kuvishika, na hizo hufanywa sifuri. Ukiongeza ujanja wa pili, wa kutorudia kupeleka ukuta ulio nyuma ya msoma habari wakati kilichosogea ni midomo yake, umepata kiini cha kodeki (mifumo ya kubana picha) zote zilizofuata, pamoja na H.264 ya mwaka 2003 inayobeba sehemu kubwa ya video za dunia.

Sisi wa Afrika Mashariki tuliiona hesabu hiyo ikifika mlangoni kwa umbo la king'amuzi. Mkataba uliofikiwa Geneva mwaka 2006 uliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kulinda matangazo ya analojia katika nchi zetu. Tanzania ilianza kuzima mitambo Dar es Salaam usiku wa kuamkia 2013, na Kenya ilifuata baada ya mvutano mrefu mahakamani. Masafa yaliyokuwa yakibeba kituo kimoja sasa yanabeba kumi na zaidi. Hapa yuko atakayeinuka kusema kwamba nasifu kitu kilichomgharimu maskini: TV yake ya kichogo ilikuwa inafanya kazi, akaamka ikiwa giza, akaambiwa anunue kisanduku. Malalamiko hayo ni ya haki. Masafa yaliyookolewa yalikwenda kwenye huduma za simu, wakati gharama ya kuyaokoa ilibebwa na mtazamaji. Kosa hilo lakini ni la sera. Hesabu iliokoa nafasi. Namna ya kugawa kilichookolewa iliamuliwa mezani, na ninyi mtakaokaa kwenye meza hizo miaka ijayo msije mkajificha nyuma ya hesabu.

Pingamizi la pili ni la kihandisi zaidi: nyaya za baharini zimefika Mombasa na Dar es Salaam tangu 2009, mkongo unasambaa, 5G imeshaingia, basi kubana picha kuna maana gani tena? Historia haitoi matumaini hayo. Kila njia ilipopanuliwa, picha ilinenepa ikaijaza. Picha ya 4K ina pikseli mara nne ya ile niliyoitaja, na watazamaji nao wameongezeka. Tena uvumbuzi uliofanya video ya mtandaoni itazamike haukusubiri mtandao mzuri. Video hukatwa vipande vya sekunde chache, kila kipande kikahifadhiwa kwa viwango kadhaa vya ubora, na simu yenyewe ikachagua kinachoendana na mtandao wa dakika hiyo. Apple ilitoa mfumo wake wa aina hiyo mwaka 2009, na kiwango cha kimataifa kikafuata 2012. Waliobuni walikubali udhaifu wa mtandao kama hali ya kawaida ya maisha. Nani anaijua hali hiyo kuliko ninyi?

Mtaniambia kodeki zimezungukwa na hataza za makampuni makubwa. Ni kweli, na kwa muda mrefu ada zake ziliwaumiza wadogo. Hata hivyo VLC, programu iliyo kwenye kompyuta nyingi humu ndani, ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale ya Paris waliotaka kutazama televisheni kwenye mtandao wa chuo. AV1, kodeki iliyotoka 2018, ilitolewa itumike bila ada. Mlango si mpana, lakini haujafungwa.

Nimekwepa hadi sasa swali gumu kuliko yote. Ukisema "jicho halihitaji", unasema jicho la nani? Kwa miongo kadhaa maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mweupe, na nyuso nyeusi zikapotea gizani. Katika video, maabara za dunia zimepima kodeki kwa vipande vichache vilivyozoeleka, kama kile cha msimamizi wa ujenzi mwenye kofia ngumu na kile cha msoma habari aliyetulia. Sasa chukua video ya harusi ya kwetu: kanga na vitenge vimejaa nakshi ndogo ndogo, ndiyo yale mabadiliko ya haraka ambayo kodeki huyatupa kwanza, nao watu wanacheza. Sare ya akina mama inageuka viraka. Chukua mkalimani wa lugha ya alama kwenye kona ya taarifa ya habari: vidole vyake vikififishwa ili kuokoa biti, kiziwi amenyimwa habari, ingawa vipimo vyote vya mtambo vitasema picha ni nzuri. Kwa hiyo siamini kwamba kuacha ni tendo lisilo na upande. Ni uamuzi, na anayeufanya lazima awe amemtazama mtazamaji wake.

Ndiyo kazi ninayowaomba. Pigeni picha za majaribio kwenye viwanja vya vumbi, kwenye vyumba vyenye taa moja ya sola, kwenye kigodoro na kwenye darasa la viziwi, mzitoe hadharani ili mtafiti wa Seoul au Berlin asiwe na kisingizio cha kutozitumia. Pimeni kazi zenu kwa simu ya bei ya chini, kwa bando la siku moja. Na vikao vya kupanga viwango vinapotangazwa, ombeni viti, mwende na ushahidi huo mkononi.