Manukato Makavu ya Nyumbani

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi habari za harufu nzuri ya nyumba, nasi tutaanzia chumbani mwa mzazi. Katika miji yetu ya pwani na visiwani ni desturi mwanamke aliyejifungua afukizwe udi na ubani. Desturi hiyo hatuilaumu. Lakini makaa ya chetezo hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na udi hauiondoi. Madirisha yakifungwa kwa hofu ya baridi, mama na mtoto wakalala, huenda wasiamke. Basi fukizeni mchana, mlango na madirisha yakiwa wazi, kisha chetezo kitolewe nje. Usiku chumba na kinukie kwa majani makavu, yasiyohitaji moto.

Kazi yote ni katika kukausha. Rehani na mchaichai hukatwa asubuhi, umande ukiisha kukauka na jua halijawa kali. Fungeni vichala vidogo, mvitundike kivulini penye kupita upepo; msivianike juani, kwa kuwa jua huyarusha mafuta yaliyo ndiyo harufu yenyewe. Wala si jikoni, yasije yakanuka moshi. Jani lililo tayari husagika vidoleni. Likipindika tu, lina maji bado, na wakati wa masika litaota koga upesi.

Asumini waachieni wenye kuivaa. Ikikauka haibaki na harufu ya maana.

Karafuu ni kinyume cha majani. Huchumwa ingali tumba, haijafunua ua, na huanikwa juani juu ya majamvi, wala haiharibiki, maana mafuta yake yamehifadhika ndani: katika ratili 100 za karafuu kavu, ratili 15 au zaidi ni mafuta. Asiyeweza kununua karafuu na atafute makonyo, yaani vikonyo vyake. Watu huyadharau, nao hukosea. Huko Pemba hukenekwa mafuta, na bei yake ni ndogo.

Chukueni konzi mbili za rehani, moja ya mchaichai, nusu konzi ya makonyo yaliyopondwapondwa, kijiti cha mdalasini na maganda ya chungwa yaliyokauka kabisa. Changanyeni, mtie katika chupa yenye kifuniko kwa majuma matatu hivi, mkiitikisa mara kwa mara. Mwanzoni kila kitu kitanuka peke yake. Baadaye harufu zitapatana. Ndipo mshone vifuko vya kitambaa chepesi, kimoja kitundikwe juu ya kitanda, kingine kitiwe sandukuni penye nguo. Harufu ikififia, kifikicheni kifuko kwa mkono nayo itarudi.

Kifuko cha kitandani kifungwe juu sana, mkono wa mtoto usikifikie, kwa kuwa mafuta ya karafuu yakimezwa humdhuru mtoto mchanga.