Mwalimu wa Mazoezi na Programu ya Simu

Tangu Desemba 2016, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alipohimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi, suala kwa watu wa Kilosa na Mikumi si kama mwili wahitaji kutaharaki, bali ni nani auongoze: mwalimu aliye mbele ya macho, au programu iliyomo ndani ya simu.

Programu ina fadhila zake, wala si insafu kuzikanusha, kwani haichoki na gharama yake ni hafifu. Lakini ile hesabu mashuhuri ya hatua 10,000 kwa siku, ambayo programu hizo huifuata, ilienea kutoka Japani, katika miaka ya 1960, kwa jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichokuwa kikiuzwa, ilhali Shirika la Afya Duniani hutaja dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki.

Mkulima aliyeshinda na jembe bondeni mwa Mto Mkondoa, simu kaiacha nyumbani, huhesabiwa kuwa alikaa kitako kutwa; na wa Mikumi ashauriwaye kukimbia alfajiri haambiwi kwamba barabara kuu ya Iringa hukatiza hifadhi yenye simba na tembo. Mwalimu huyajua hayo, huliona goti linalotetemeka, na humwuliza mwenye shinikizo la damu amelalaje.

Kwa rai yangu, mwenye maradhi, na kila anayeanza, na amtafute mwalimu kwanza, hata kwa kuchangiana ujira watu kumi. Simu na ije baadaye.