Dawa za Chembe Sahani: Usiziache Ghafla, Usizichanganye Kiholela

Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti kwa wahudumu wa afya ya jamii wa Kitui na wenzao wa Makueni

Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuchukua maelezo ya madaktari na kuyafikisha vijijini kwa lugha inayoeleweka. Leo tuzungumzie ugonjwa usiotajwa sana barazani, ambao dawa zake huokoa maisha zikitumiwa vizuri na huumiza zikitumiwa ovyo.

Ndani ya damu mna chembe ndogo ziitwazo chembe sahani. Ukijikata na jembe, ndizo hukimbilia jerahani na kuziba. Mtu mwenye afya huwa nazo kati ya 150,000 na 450,000 katika mikrolita moja ya damu. Lakini kuna watu ambao kinga ya mwili huzigeukia chembe hizo na kuziharibu kana kwamba ni adui. Hospitalini ugonjwa huo huitwa ITP. Mgonjwa hutokwa na madoa madogo mekundu miguuni, huvilia damu bila kugongwa, hutoka damu puani na kwenye ufizi, na mwanamke hupata hedhi nzito kupita kawaida.

Mwaka wa 1950, daktari Mmarekani William Harrington alijiwekea damu ya mgonjwa wa aina hii. Baada ya saa chache chembe sahani zake zikashuka vibaya. Hapo ikajulikana kwamba kinachoziharibu kimo ndani ya damu. Si uchawi, si laana, wala hauambukizwi kwa kula pamoja au kushikana mikono.

Si kila chembe zinaposhuka ni ITP. Malaria huzishusha, HIV huzishusha, na homa ya ini pia. Kwa hivyo vipimo vije kwanza. Na si kila mgonjwa hupewa dawa. Watoto wengi hupona wenyewe baada ya wiki au miezi michache, wakiwa chini ya uangalizi. Kwa mtu mzima, mara nyingi madaktari huanza dawa chembe zikiwa chini ya 30,000, au damu inapotoka. Lengo ni kuzuia damu kuvuja, si kufikisha hesabu ya mtu mzima wa afya.

Dawa ya kwanza huwa ni ya jamii ya steroidi, hasa prednisoloni. Hutuliza kinga ili iache kushambulia. Humezwa asubuhi baada ya kula, kwa sababu ikimezwa usiku huondoa usingizi, na tumbo tupu huuma. Inaweza kupandisha sukari na presha, na kuudhoofisha mwili mbele ya maambukizi. Ndiyo maana daktari hupenda itumike kwa wiki chache tu.

Hatari kubwa iko hapa. Mgonjwa anaona madoa yameisha, anasema amepona, anaacha vidonge. Au vimeisha na nauli ya kutoka Tseikuru hadi Kitui haijapatikana. Ukishaimeza kwa wiki kadhaa, mwili huacha kujitengenezea homoni inayofanana nayo. Ukikatiza ghafla, presha inaweza kuanguka, ukatapika na kuzirai. Dawa hii hupunguzwa ngazi kwa ngazi, kwa maagizo ya daktari. Basi hesabu vidonge mapema. Vikibaki vya wiki moja, anza kupanga safari.

Mweleze daktari kila kitu kabla ya kuanza. Una kisukari? Umewahi kuugua TB, au unaishi na anayeugua? Steroidi inaweza kuiamsha TB iliyolala, na rifampisini ya kutibu TB huipunguzia prednisoloni nguvu. Unatumia dawa za HIV? Baadhi yake huifanya steroidi izidi mwilini. Unalima pekupeku? Kuna minyoo inayoingia kupitia ngozi ya mguu, nayo huenea vibaya mtu akiwa kwenye steroidi. Una mimba? Sema.

Kisha kuna dawa ambazo tunanunua kwenye kemisti bila kufikiri. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huzuia chembe sahani kufanya kazi, hata zile chache zilizobaki. Baadhi ya dawa za mchanganyiko za kichwa zina aspirini ndani, kwa hivyo soma pakiti. Kwa maumivu, paracetamoli kwa kipimo chake ndiyo salama zaidi. Mwambie muuguzi kabla ya kudungwa sindano ya msuli, na daktari wa meno kabla ya kung'olewa jino. Na mzazi anayepanga kumtahiri kijana likizo ya Desemba, asitaje tarehe kabla ya damu kupimwa.

Wachache hupewa vidonge vya kuuchochea uboho utengeneze chembe zaidi, kama vile eltrombopagi. Hivyo havipatani na maziwa, madini ya chuma wala dawa za kiungulia. Vimezwe saa mbili kabla ya vitu hivyo au saa nne baadaye. Chai yetu ya maziwa imo humo.

Usisubiri tarehe ya kliniki ukiona haya: kichwa kuuma kupita kawaida, kuchanganyikiwa, kutapika damu, choo cheusi kama lami, damu ya pua isiyokoma, au kugonga kichwa baada ya kuanguka na boda boda. Nenda hospitali hapo hapo, na kadi yako mkononi. Hakikisheni pia familia zimesajiliwa na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.

Wahudumu wetu, mkiingia boma lenye mgonjwa huyu, ulizeni maswali manne. Vidonge vimebaki vingapi? Ni dawa gani nyingine inamezwa humu ndani? Kuna damu inayotoka? Tarehe ya kupima damu ni lini? Maswali hayo huchukua dakika tano, na jibu moja linaweza kumwahisha mtu hospitali.