Vitu Alivyorudi Navyo Askari wa Keya
(Hotuba ya Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kamati imeniagiza niseme maneno machache juu ya vitu ambavyo askari wetu walirudi navyo kutoka Vita Kuu ya Pili. Mimi nilizaliwa miaka mingi baada ya vita vile, kwa hiyo nitafuata sanduku moja tu la bati, aliloliacha marehemu babu yangu.

Babu alikuwa askari wa Keya. Alipelekwa Seloni, ambayo leo ni Sri Lanka, kisha Bama pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na alama ya kichwa cha kifaru. Mwaka 1944 divisheni hiyo iliteremka bonde la Kabaw katika mvua, matope na malaria, hata ikafika Kalewa, penye mto Chindwin, mwezi wa Desemba. Mtu aliyebeba bunduki, risasi na chakula chake mgongoni hakuwa na nafasi ya kuokota mengi. Ndiyo sababu vitu vya sandukuni ni vidogo.

Kwanza imo Nyota ya Bama, yenye utepe wa buluu, mstari mwekundu katikati na rangi ya machungwa kando. Nyuma yake ni tupu, kwa maana Waingereza hawakuandika majina ya askari juu ya nyota hizo. Ikianguka sokoni leo, hakuna atakayejua ilikuwa ya nani. Pia zimo rupia za karatasi walizozitoa Wajapani walipoitawala Bama. Waingereza waliporudi, fedha zile hazikununua hata chumvi; babu alitupa sisi wajukuu tuchezee duka.

Kitu cha tatu ndicho kilichonisimamisha hapa. Ni kitambaa cheupe cha hariri chenye duara jekundu, na maandishi ya wino yamelizunguka. Zamani tulidhani ni uganga. Baadaye nilijifunza kwamba ni bendera ambayo kijana wa Kijapani alipewa alipokuwa akienda vitani, na maandishi yale ni majina ya jamaa, jirani na wenzake wa kazi, pamoja na maneno ya kumtakia heri. Babu alisema neno moja tu juu yake: kwamba alikitoa kifuani mwa mtu aliyekuwa mdogo kuliko yeye. Wapi, na siku gani, hakusema. Nasi, kwa aibu yetu, hatukumwuliza.

Sasa amekuja mnunuzi wa vitu vya kale, naye ametaja bei nzuri. Baba yangu mdogo ataka tuuze. Asema babu alidhulumiwa, na katika hilo siwezi kumkanusha: malipo aliyopewa askari Mwafrika mwisho wa vita yalikuwa chini sana ya aliyopewa Mzungu wa cheo kile kile. Lakini deni hilo hakulikopa yule kijana wa Kijapani, wala watu walioandika majina yao katika kitambaa chake. Kipo chama huko Marekani, kiitwacho Obon Society, ambacho hutafuta jamaa za askari wale na kuwarudishia bendera kama hii. Nimemwomba baba mdogo anipe muda hadi baada ya mavuno. Amenikubalia, ingawa si kwa furaha.

Naiomba Kamati mambo mawili. La kwanza, inisaidie kuandika barua kwa chama hicho. La pili, tununue daftari moja nene. Kila nyumba yenye nyota, picha, barua au kitabu cha malipo cha askari na iniletee, niandike jina la mwenyewe na yale aliyoyasema, kabla wale waliosikia kwa masikio yao hawajaisha nao.

Bendera iko mezani kwa Mweka Hazina. Mnaweza kuitazama, ila tafadhali msiikunjue zaidi, kwani hariri imeanza kukatika kwenye mikunjo.